Ute kama wa bamia, na uvimbe juu ya kibofu

SWALI

Assalaam alaykum Bi Daktari. Mimi ni mwanamme wa miaka 46, mkaazi wa Mkoani, Pemba. Nalima mpunga bondeni, na nina mikarafuu michache ya urithi. Nilipokuwa skuli nilikojoa damu kama wenzangu wote, maana tulikuwa tukioga mtoni kila siku, na tulipewa vidonge tukapoa. Mwaka jana damu imerudi. Utotoni ilikuwa inakuja matone ya mwisho, na ilikuwa inachoma. Safari hii inakuja tangu mwanzo, haichomi, na siku nyengine haipo kabisa. Nimemeza vidonge vya kichocho mara 2 na nimechomwa sindano za yutiai mara 3.

Kilichonitisha ni ute. Mke wangu aliniwekea kopo jeupe nikojolee ili tuangalie rangi. Nilipomwaga, mkojo ulivutika kutoka kwenye mdomo wa kopo kama maji ya bamia. Mwezi uliopita nimepigwa altrasaundi. Karatasi inasema kuna uvimbe wa sentimita 4 juu ya kibofu, katikati, wenye chembe za chokaa, na nimeambiwa niende Unguja kwa siti skani. Daktari alisema huenda ikawa saratani ya nadra ya mrija wa kitovu, na ikithibiti itakatwa sehemu ya kibofu pamoja na kitovu. Mama yangu analia. Anasema mkunga alinikata kitovu vibaya na kilichelewa kupona. Jee, ni kweli? Kitovu kinahusiana nini na mkojo? Na kwa nini isiwe ni kile kichocho changu cha zamani? Mtu anaishi bila kitovu?

Msomaji, Mkoani

JIBU

Waalaykumu salaam ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara 3, na kila mara nasimama pale kwenye kopo.

Naanza na la haraka. Nenda Unguja. Usingoje mavuno, usingoje karafuu. Panda boti wiki hii ukiweza, na karatasi ya altrasaundi uwe nayo mkononi, isibaki nyumbani sandukuni. Kama ulipewa na picha zenyewe, zichukue pia, hata zikiwa zimefifia. Haya mengine ninayokuandikia utayasoma ukiwa safarini.

La pili ni la mama yako. Mwambie, na heshima zake zote, kwamba mkunga hana kosa lolote, na yeye mama hana kosa. Mtoto akiwa tumboni kibofu chake hukaa juu, karibu na kitovu, na kimeungana nacho kwa mrija mwembamba ambao madaktari wanauita yurakasi. Kibofu kinapoteremka kwenye nyonga, mrija ule unavutika, unaziba, unabaki kama kamba. Kamba hiyo unayo wewe, ninayo mimi, anayo na mama. Inapita nyuma ya ukuta wa tumbo, katikati kabisa, kutoka paa la kibofu mpaka kitovuni. Mkunga anakata kilicho nje. Wembe wake haufiki huko, na kidonda cha kitovu kilichochelewa kupona hakileti saratani baada ya miaka 46.

Isipokuwa si kila mtu kamba yake imeziba moja kwa moja. Kwa karibu theluthi ya watu wazima, ndani ya kamba kumebaki kitundu kidogo mno, hakionekani kwa macho, kimetandwa na ngozi laini ya ndani. Walio wengi wanazikwa nacho bila ya kukijua. Kwa mtu mmoja mmoja, ngozi ile inageuka, inaanza kutoa ute na kukua bila mpango. Hiyo ndiyo saratani aliyokutajia daktari. Ni ya nadra kweli: kati ya saratani 100 za kibofu haifiki hata 1.

Sasa bamia yako. Saratani ya kibofu iliyozoeleka huota kwenye ngozi ya ndani ya kibofu, na ngozi ile haina kazi ya kutoa ute. Ya mrija wa kitovu mara nyingi ni ya aina ya tezi, inafanana na ile ya utumbo mpana, na kazi ya tezi ni ute. Uvimbe ukishatoboa paa la kibofu, ute unadondokea kwenye mkojo. Wenye maradhi haya wengi huja kwa sababu ya damu, na wachache tu ndio wanaotoa ute, kwa hiyo asiye na ute asijihesabu kuwa amesalimika. Lakini ute mzito wa kuvutika, usiosikia dawa za yutiai, ukifuatana na damu, kwangu mimi ni alama kubwa kuliko damu yenyewe. Umefanya vizuri mno kuutaja. Wanaume wengi wanauona na wananyamaza, wakidhani ni mambo ya manii au ya zinaa, wanaona haya hata kumwambia mke. Mkeo aliyeleta lile kopo mshukuru.

Nataka nikusimulie kisa kimoja, ujue kwa nini naandika kwa mkazo. Nimefanya kazi kwenye vyumba vya picha miaka 31, mingi kati ya hiyo hapa hapa Pemba. Miaka mingi nyuma alikuja mvuvi wa makamo, analalamika damu kwenye mkojo. Foleni siku ile ilikuwa imetoka nje ya jengo mpaka chini ya mwembe. Nikampaka jeli, nikaweka kichwa cha mashine juu kidogo ya kinena, nikakiona kibofu, ukuta wake umenenepa pale juu. Nikaandika: "kichocho cha zamani." Pemba ya wakati ule neno hilo lilikuwa linajiandika lenyewe. Akapewa vidonge akaenda zake.

Alirudi baada ya miezi 9. Sikuhitaji mashine. Nilipoweka kiganja chini ya kitovu chake nilishika kitu kigumu kama embe bichi, na kitovuni kulikuwa kunatoka majimaji ya kuvutika. Siku ile ya mwanzo, lau ningekitelezesha kile kichwa cha mashine sentimita chache tu kupanda juu, ningeuona mkia wa uvimbe unaelekea kitovuni. Sikukitelezesha. Alifariki Ramadhani ya mwaka ule, hakuiona sikukuu. Tangu hapo hakuna aliyelala kitandani kwangu kwa damu ya mkojo nikamwinua kabla sijapanda mpaka kitovuni, hata walio nje wakigonga mlango vipi.

Kwa hiyo huyo aliyekupiga altrasaundi wewe, akaandika "juu, katikati, chokaa", amekufanyia kazi ya maana. Maneno hayo 3 ndiyo picha yenyewe. Nikueleze tunavyoyasoma.

Kibofu kilichojaa, kwenye altrasaundi, ni ziwa jeusi, na ukuta wake ni mstari mwembamba mweupe. Ndiyo maana tunakunywesheni maji mpaka mnatuchukia: kibofu kikiwa kitupu paa lake linajikunja, na uvimbe mdogo unalala ndani ya mikunjo hiyo tusiuone. Saratani ya kawaida tunaikuta pembeni au chini, karibu na pale mirija ya figo inapoingilia, inachungulia ndani ya lile ziwa kama tumbawe. Ya mrija wa kitovu inakaa juu, kwenye mstari wa katikati, na sehemu yake kubwa iko nje ya kibofu, katika nafasi iliyopo kati ya kibofu na ukuta wa tumbo. Ni kama mwamba wakati wa maji kujaa: kinachochomoza ni kidogo. Kwa sababu hiyo hata kamera ya kibofu inaweza kupitishwa mapema na daktari akaona ngozi ya ndani ni safi kabisa, au kijiuvimbe kidogo tu cha paa, na huku nje mzigo umeshakuwa mkubwa. Ndiyo sababu pia maradhi haya yanachelewa kujitangaza. Yana nafasi ya kukua kimya kabla ya kugusa mkojo.

Chokaa tunaiona kama nukta nyeupe zinazotupa kivuli cheusi nyuma yake. Kwa siti skani, zaidi ya nusu ya uvimbe wa aina hii huwa na chokaa, mara nyingi nukta nukta, au imezunguka ukingoni. Na penye ute mwingi nyama ya uvimbe haing'ai; inaonekana kijivu kilichofifia, karibu na rangi ya maji. Picha ninayoipenda kuliko zote ni ya ubavuni, yaani mwili umeonekana kama umepasuliwa katikati kutoka mbele kwenda nyuma. Hapo unaona kibofu, uvimbe juu yake, na mkia unaopanda kuelekea kitovu. Ukiuona mkia huo mara moja husahau. Mwombe daktari wa picha aziangalie na za ubavuni, si zile za kukata mwili vipande vipande kama mkate peke yake.

Umeuliza kwa nini isiwe kichocho, na swali hilo una haki nalo, kwa sababu kichocho chenyewe kinaleta saratani ya kibofu. Mdudu wetu wa Unguja na Pemba anakaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, na mayai yake yanakwama kwenye ukuta. Miaka na miaka ya mayai hayo inaukwaruza ukuta mpaka unabadilika. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilimweka mdudu huyo mwaka 1994 kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Huko Misri, ambako daktari wa Kijerumani Theodor Bilharz alimgundua mwaka 1851, saratani hiyo ya kichocho, inayoitwa ya seli bapa kwa kuwa seli zake ni tambarare, ndiyo iliyokuwa imetawala kwenye kibofu, na imeshuka kadiri kichocho kilivyoshuka.

Lakini ina sura yake. Mgonjwa wake kwa kawaida anaungua, anakwenda haja ndogo kila saa, na anaweza kutoa vipande vyeupe vya nyama iliyokufa. Bamia hakuna. Uvimbe wake umeota ndani, umekaa popote pale ukutani. Na chokaa ya kichocho haikusanyiki kwenye donge. Inafuata ukuta wote kwa mstari, kama ganda la yai. Niliwahi kushika eksirei ya nyonga ya mzee mmoja ambamo kibofu kilikuwa kimezungukwa na chokaa kote, ukakiona mviringo kamili, mfano wa kichwa cha mtoto kwenye nyonga ya mama mjamzito. Hiyo ni chokaa ya mayai, na peke yake si saratani.

Kwa hayo uliyoniandikia, mimi naelemea kwenye mrija wa kitovu kuliko kwenye kichocho. Hata hivyo picha haikati hukumu. Mrija uliobaki wazi kisha ukaingia usaha unaweza kujifanya hivi hivi, na saratani ya utumbo mpana inaweza kutambaa ikashika paa la kibofu ikatoa ute ule ule. Kwa hiyo usishangae ukichukuliwa kipande kidogo cha nyama ya uvimbe kikapimwe, na usishangae wakitaka kukutazama utumbo mpana kwa kamera. Hawakuzungushi, wanatafuta asili yake. Na mkojo wako ukipelekwa maabara kutafutwa seli za saratani zikakosekana, usifurahi ukarudi nyumbani; kwa aina hii kipimo hicho mara nyingi kinapitwa.

Jambo moja linanichoma. Umepewa vidonge vya kichocho mara 2, na kwenye barua yako sioni mahali mayai yalipotafutwa. Zamani tungesamehe. Lakini kuanzia 2012 shehia 90, yaani 45 za Unguja na 45 za Pemba, ziliingizwa kwenye kazi kubwa ya kukiondoa kichocho: dawa kwa watu wazima na watoto, na katika baadhi ya shehia konokono wakauliwa mitoni, kwengine skuli zikafundisha. Kichocho kimepungua sana. Maana yake ni kwamba mtu mzima anayekojoa damu Pemba ya leo si sawa na wa wakati wangu. Kichocho kisipewe lawama mpaka kionekane. Mkojo uchukuliwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati mayai yanapotoka kwa wingi, uchujwe, utazamwe kwenye hadubini. Mayai yakikosekana, mtu huyo apigwe picha, wala asiongezwe vidonge. Na hata yakipatikana, ikiwa damu bado inatoka baada ya dawa, apigwe picha. Kichocho hakimkingi mtu na kitu chengine.

Siku ya siti skani nenda na majibu ya kipimo cha damu cha figo. Sema mapema kama una pumu, kama kuna dawa iliyowahi kukuvimbisha, kama una kisukari na unameza metifomini. Watakutia dawa ya kung'arisha kwenye mshipa wa mkono; dawa ikipita utahisi joto linashuka mpaka chini, ukadhani umejikojolea. Hukujikojolea. Usitikisike, linaondoka lenyewe kwa muda mfupi. Usikubali kulazwa mashineni na kibofu kitupu kama hujaambiwa sababu. Na waombe picha iende mpaka kifuani, kwa sababu kabla ya kukata ni lazima ijulikane kama mapafu, ini, tezi za limfu na utando wa tumbo ni salama.

Nimebakisha kitovu chenyewe. Mtu anaishi bila kitovu, ndugu yangu, tena vizuri. Kazi yake iliisha siku uliyozaliwa. Wanakiondoa kwa sababu ile kamba yote, kutoka paa la kibofu mpaka kitovuni, ni nyumba moja. Ukiacha chumba, maradhi yana pa kurudi. Mpasuaji anaondoa paa la kibofu, kamba na kitovu kwa pamoja, kipande kimoja bila kukikatakata. Mara nyingi kibofu kilichobaki kinashonwa, kinafanya kazi, na unakojoa kwa njia yako ile ile. Mwanzoni kitajaa upesi, utaamka usiku mara nyingi, kisha kinatanuka. Ikiwa mpasuaji atakuambia kitovu ataacha, muulize kwa upole sababu yake, na umsikilize. Ikiwa saratani imeshatoka nje ya hapo, kuna dawa za mshipani, nyingi zinafanana na zinazotumika kwa saratani ya utumbo mpana, na huenda rufaa yako ikakufikisha Muhimbili au hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Uvimbe wa sentimita 4 ambao bado uko mahali pake ni uvimbe wa kukatwa. Hilo ndilo linalonifanya nikuhimize boti.

Mama yako asiachwe peke yake na mawazo. Msomee hii aya ya mkunga kabla hujaondoka.

SWALI

Bi Daktari, mimi ni mama wa miaka 27, niko Donge, Unguja. Mwanangu wa miaka 9 anakojoa damu, tone la mwisho tu, na anasema inamuwasha. Jirani ameniambia damu ya mkojo siku hizi ni saratani, sijalala siku 2. Nifanye nini?

Mama, Donge

JIBU

Mwanangu, lala. Mtoto wa miaka 9, damu ya tone la mwisho, inawasha, na kama anaoga mtoni au kwenye vidimbwi vya mashamba ya mpunga: hicho ni kichocho mpaka kithibitike kuwa sicho. Saratani za kibofu nilizomweleza ndugu yetu wa Mkoani ni za watu wazima.

Mpeleke kituo cha afya, siku ya kawaida, mchana huo huo niliousema juu. Mwache acheze, aruke ruke kidogo kabla ya kukojoa, mayai yanatoka zaidi. Dawa ni prazikwanteli, inapimwa kwa uzito wake, miligramu 40 kwa kila kilo, anameza mara moja akiwa ameshakula. Ni chungu, na tumbo linaweza kumsokota siku hiyo. Dawa inaua wadudu wakubwa, wadogo wanasalimika, kwa hiyo arudi apimwe baada ya wiki 4 hadi 6, na asitumbukie tena kwenye maji yale. Ikiwa mayai hayapo na damu bado ipo, hapo mwombee altrasaundi, kibofu kimejaa, na mpigaji apande mpaka kitovuni.

Kopo la mkojo likae kivulini, na lifike maabara siku hiyo hiyo. Lisilale nyumbani.